Kabla hujazima faiawoli ya kompyuta yako, pitia haya kwanza

Faiawoli ni ule ukuta wa programu unaochuja kinachoingia na kutoka kwenye kompyuta kupitia mtandao. Uiwashe au uizime? Jibu fupi: washa, iache imewashwa. Anayekwambia inafanya mashine iwe nzito muulize alipima lini.

Ila usidhani tu kwamba imewashwa, nenda ukaangalie. Windows inakuja nayo ikiwa imewashwa tangu toleo la XP lilipopata apdeti kubwa ya Service Pack 2 mwaka 2004, kabla ya hapo ilikuwepo ila imezimwa, ndo maana ule mnyoo (programu haribifu inayojisambaza yenyewe) wa Blaster wa 2003 ulikuwa unaingia kwa mtu hata hajaklik kitu, anaunganisha intaneti tu kaumia. Kwenye Mac mara nyingi utaikuta imezimwa, ingia kwenye mipangilio uiwashe mwenyewe. Ubuntu, ya Linux, ina faiawoli iitwayo ufw, nayo inakuja imelala, andika sudo ufw enable kwenye terminali basi (kama unaingia kwenye hiyo mashine kwa mbali kupitia ssh, ruhusu ssh KWANZA ndo uwashe, la sivyo umejifungia nje na funguo ziko ndani).

Kama antivairasi yako ina faiawoli yake, baki na moja. Na siku ya kuilipia ikipita, hakikisha ya Windows imerudi kazini.

"Mimi nina rauta, inatosha." Haitoshi. Rauta inamzuia wa nje. Simu ya mgeni uliyempa paswedi, laptopu ya mtoto iliyojaa magemu ya bure, hao tayari wako ndani ya geti. WannaCry ya Mei 2017, ile programu haribifu iliyofunga mafaili ya watu na kudai hela, ilikuwa inaruka mashine hadi mashine ndani ya mtandao uleule kupitia poti 445 (poti ni kama mlango wenye namba wa kupitishia data), poti hiyohiyo tunayotumia kushea mafaili.

Sasa hapo kwenye kushea ndo palinipata mimi. Nilikuwa na laptopu mbili nyumbani, nataka kuhamisha mafaili, folda naishea haionekani, nikahangaika saa zima, nikaona mtu kaandika "zima faiawoli", nikazima. Zote tatu, maana Windows inaigawa kwa aina ya mtandao: ya domeni (wa kazini), ya praiveti (wa nyumbani) na ya pablik (wa hadharani), halafu nikaruhusu kila mtu aingie kwenye folda bila paswedi, kusoma na kuandika. Mafaili yakahama, nikafurahi, nikalala. Wiki kadhaa baadaye niko safarini, nimeunganisha Wi-Fi ya nyumba ya wageni, nafungua ile folda nakuta kuna faili ambalo sikuliandika mimi, limeandikwa: "folda yako iko wazi, funga." Basi. Na humo ndani kulikuwa na skani ya kitambulisho changu, na faili la maandishi lenye paswedi zangu zote, eti niliita "vitu". Huyo aliyeniachia ujumbe alikuwa muungwana. Walioingia kabla yake bila kuacha ujumbe siwajui, na usiku ule nilibadilisha paswedi moja moja hadi alfajiri.

Kwa hiyo kitu kikigoma, printa, gemu, chochote, usizime ukuta mzima. Nenda pale pa kuruhusu programu, iruhusu hiyo moja, tena kwenye mtandao wa praiveti tu. Ukishindwa kabisa na lazima uzime ujaribu, weka alamu kwenye simu ya kukukumbusha kuwasha, nasema kweli, maana "nazima mara moja tu" hiyo inaweza kukaa miezi.

Ukiwa nje ya nyumbani, kwenye aina ya mtandao chagua pablik. Kile kidirisha kinachouliza kama uruhusu programu fulani, kisome, usiklik ndiyo kwa mazoea. Na faiawoli haikuzuii wewe kufungua kiambatisho cha ajabu kwenye imeli, hapo umemfungulia mwizi mlango mwenyewe. Apdeti usiahirishe, Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuziba lile tundu la WannaCry tangu Machi 2017, miezi miwili kabla haijalipuka. Bakapu uwe nayo pembeni, isichomekwe muda wote. Na hiyo folda uliyoshea mwaka juzi ukaisahau, hebu kaiangalie sasa hivi.