Jinsi ya kupima kama PhoB, protini ya E. coli inayowasha jeni, imebandikwa fosfeti, hata kama lab yenu haina hela

Wengi mkiambiwa protini za bakteria zinawashwa na kuzimwa kwa fosfeti, mnakimbilia kukariri majina ya kinesi, vile vimeng'enya vinavyobandika fosfeti. Mi nashauri uanze na swali jingine kabisa, nani anaibandua hiyo fosfeti na inakaa muda gani kabla haijatoka, maana hapo ndo utaelewa bakteria anafanya nini na pia ndo utajua sampuli yako uishike vipi isikufie mkononi.

Chukua mfano rahisi, E. coli akikosa fosfeti. Kwenye utando wake kuna PhoR, hii ni histidini kinesi, inatoa fosfeti kwenye ATP inajibandika yenyewe kwenye histidini halafu inamrushia mwenzake PhoB kwenye asidi aspatiki namba 54, PhoB ikishapata inashika DNA na kuwasha jeni kibao ikiwemo phoA, inayotengeneza alkalaini fosfatesi, kimeng'enya cha kukwangua fosfeti kutoka kwenye molekuli zingine huko nje ya utando wa ndani. Ndiyo, bakteria aliyeishiwa fosfeti anatumia fosfeti kutangaza kwamba ameishiwa fosfeti, hata mi huwa nacheka. E. coli ana mifumo kama hii ya wawiliwawili karibu 30, kwaiyo ukiielewa huu mmoja umejisogeza mbali sana.

Sasa kupima. Njia ya bei nafuu ni kupima matokeo badala ya fosfeti yenyewe. Otesha E. coli usiku kucha kwenye midia ya MOPS yenye glukosi na fosfeti ya kutosha, 2 mM inatosha, asubuhi waoshe halafu wagawe, nusu warudi kwenye fosfeti nyingi na nusu waende kwenye midia yenye fosfeti kiduchu. Usitumie LB, ile midia ya kawaida ya kuoteshea bakteria, ina fosfeti tele. Na hapa kwenye kuosha ndo watu wanaharibu, mtu anachukua PBS, bafa ya chumvi ya kuoshea seli, kwa mazoea, jamani hiyo P ya mwanzo ni fosfeti, umewalisha tena! Osha kwa maji ya chumvi ya kawaida au bafa ya Tris, rudia mara mbili. Vyombo vya glasi navyo angalia, sabuni zingine za lab zina fosfeti na inabaki ukutani, kama unaweza tumia plastiki mpya au suuza glasi kwa asidi kwanza.

Waache wakue mpaka wale wa fosfeti kidogo waanze kudumaa. Pima OD600 ya kila chupa, yaani ukungu wa seli kwenye mwanga wa 600 nm, chukua seli kidogo weka kwenye Tris ya pH 8, dondoshea SDS (sabuni kali) na klorofomu kidogo ili utando utoboke, koroga, kisha ongeza pNPP, kemikali yenye fosfeti ambayo PhoA inaikata. pNPP haina rangi, PhoA ikiikata inageuka njano. Kwenye tyubu ya wenye njaa unaiona njano inapanda kwa macho, ile ya walioshiba inabaki maji tu. Ukitaka kusimamisha mwaga fosfeti nyingi humo ndani, inaizuia PhoA papo hapo, halafu soma kwenye spektrofotomita 420 nm, gawa kwa muda na kwa OD. Weka pia mutenti isiyo na phoB (jeni ya PhoB), hiyo isipokaa bila njano ujue kuna kitu hakiko sawa.

Halafu fanya hili linalochanganya wengi, weka na mutenti isiyo na phoR. Kwa akili ya kawaida umetoa kinesi, njano itapotea si ndio? Hapana, mara nyingi utakuta njano ipo hata kwenye fosfeti nyingi. Sababu PhoR ndiyo hiyohiyo inayoibandua fosfeti kwenye PhoB pale bakteria ameshiba, ukiiondoa umeondoa breki pia, na PhoB inaendelea kubandikwa na wengine kama CreC, kinesi ya mfumo mwingine, au asetili fosfeti inayozunguka ndani ya seli. Mtu aliyekariri kwamba PhoR ni kinesi tu basi, hapo anakwama na kuanza kushuku kalcha yake ina uchafu.

Kama mnayo hela ya Phos-tag, basi ione fosfeti yenyewe. Hii unaichanganya kwenye jeli, inashika fosfeti, kwaiyo PhoB iliyobandikwa inabaki nyuma na unapata bendi mbili, ya juu ina fosfeti ya chini haina, unazitafuta kwa kingamwili. Ila fosfeti ya kwenye asidi aspatiki haivumilii kabisa, pasua seli kwa asidi fomiki ya karibu 1 M, ongeza bafa na NaOH kidogo ya kusawazisha, pakia saa hiyohiyo na jeli ikimbie kwenye baridi ya 4°C. USICHEMSHE. Au tuseme chemsha moja makusudi, gawa sampuli, nusu peleka 95°C dakika chache, bendi ya juu ikitoweka hapo una ushahidi mzuri. EDTA isiguse sampuli kwenye jeli hii, inanyang'anya metali ambayo Phos-tag inaitumia kushika fosfeti, itumie baadaye kuloweka jeli kabla ya kuhamishia kwenye membreni.

Usianze na CheY, ile inayogeuza mzunguko wa flajela. Fosfeti yake peke yake inakaa sekunde kama 20, CheZ, fosfatesi inayoibandua, ikiwepo haifiki hata hapo, lazima iwe hivyo maana bakteria anaogelea kama sekunde moja tu kabla ya kubadili njia.

Na wanaofanya TB, mambo ni tofauti kidogo. Mycobacterium tuberculosis pamoja na mifumo ya namna hii ana pia kinesi 11 za serini na threonini, PknA, PknB na wenzao, lakini fosfatesi ya kubandua fosfeti wanazobandika ni moja, PstP. Fosfeti ya serini na threonini inavumilia kuchemshwa, kwaiyo ule ujanja wa 95°C hapa haukuambii kitu, tumia lambda fosfatesi, kimeng'enya cha kubandua fosfeti, kwenye nusu ya sampuli uone kama bendi inashuka.