Shahada ya topapu ya afya na huduma za jamii Uingereza: hatua kwa hatua kwa anayefanya kazi ya kea

Mwongozo huu ni wa ndugu zetu walioko Uingereza, wanaofanya kazi ya kea (kuwahudumia wazee na wagonjwa), wana HND (stashahada ya juu ya Uingereza) au stashahada ya ngazi ya 5, na sasa wanataka kukamilisha shahada kwa topapu, yaani kusoma sehemu ya mwisho tu ya shahada. Nimewasindikiza kadhaa hadi mwisho. Karibu wote walikwama kwenye tasnifu, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Hatua ya 1: Hakikisha ndiyo unayoitaka

Shahada kamili ya kwanza (honours degree) ina krediti 360. HND imekupa 240, topapu inajaza 120 zilizobaki, zote za ngazi ya 6. Ukisoma muda wote ni mwaka mmoja. Muda nusu ni kama miwili.

Elewa jambo moja kabla hujalipa chochote: shahada hii haikufanyi muuguzi wala afisa ustawi wa jamii. Wauguzi husajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga, na England maafisa ustawi husajiliwa na Social Work England. Kila chombo kinataka kozi iliyoidhinishwa nacho. Topapu inakufaa ukitaka kusimamia nyumba ya wazee, kuratibu huduma, au kuendelea na uzamili. Wakala anayekuahidi sare ya muuguzi mwishoni anatafuta ada yako tu.

Hatua ya 2: Vyeti na pesa

Kama stashahada yako ni ya Tanzania au Kenya, uliza chuo kwanza kama wanaipima wenyewe au wanataka taarifa ya ulinganifu kutoka UK ENIC, chombo kinacholinganisha vyeti vya nje na vya Uingereza. Usilipie taarifa hiyo kabla hujaulizwa.

Mkopo wa Student Finance England (mikopo ya serikali kwa wanafunzi) unategemea hali yako ya ukaazi na masomo uliyokwisha kusoma. Mwenye shahada kamili tayari, hata kama aliipata nyumbani, kwa kawaida hapati mkopo wa shahada nyingine ya kiwango hicho. Aliye kwa viza ya Health and Care Worker anaruhusiwa kusoma, lakini viza hiyo peke yake haimpi mkopo, na mara nyingi atatozwa ada ya mwanafunzi wa kigeni. Piga hesabu hiyo mapema.

Hatua ya 3: Omba

Kwenye barua yako ya maombi, andika kazi unayoifanya kila siku, kwa undani. Wanaosoma barua hizo wanaujua uzito wa kazi ya kea.

Hatua ya 4: Badilisha uandishi wako

Ngazi ya 5 ulieleza. Ngazi ya 6 unapima. Chukua sheria ya Mental Capacity Act ya 2005, inayohusu uwezo wa mtu kujiamulia mambo yake. Kuorodhesha kanuni zake tano ni kazi ya ngazi ya 5. Ngazi ya 6 unauliza: mzee mwenye shida ya kumbukumbu amekataa kuoga, zamu imepungukiwa watu, na kwenye faili lake imeandikwa tu kwamba “hana uwezo wa kuamua”. Sheria inataka uwezo upimwe kwa uamuzi mahususi na kwa wakati wake. Basi nani alipima, kwa uamuzi upi, lini? Na kwa nini sheria iliyo wazi hivyo inashindwa kufuatwa saa mbili usiku? Wewe uliyesimama kwenye korido hizo una la kusema ambalo kijana aliyetoka shule hana. Ila usiishie kwenye uliyoyaona. Yashike kwa ushahidi uliochapishwa. Na usitaje jina la mzee wala la kituo.

Hatua ya 5: Tasnifu

Kwanza, usiwahoji wazee unaowahudumia wala wenzako wa kazini. Utahitaji idhini ya kimaadili, na inapohusu wagonjwa wa NHS (huduma ya afya ya umma) au watu wasioweza kuridhia wenyewe, mlolongo wake unaweza kukumalizia mwaka. Kama chuo kinaruhusu, fanya mapitio ya machapisho, yaani kukusanya na kupima tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Ni kazi halali ya kitaaluma, na unaweza kuifanya saa tano usiku.

Pili, swali. “Kuanguka kwa wazee” ni mada, bado si swali. Swali lina watu, jambo linalofanywa, na matokeo: je, mazoezi ya kusimama bila kuyumba na ya nguvu za miguu hupunguza kuanguka kwa wazee wanaoishi kwenye vituo vya wazee? Hapo kwenye watu ndipo wengi huteleza. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 108 ya wazee wanaoishi majumbani kwao, na yakaona mazoezi hupunguza kiwango cha kuanguka kwa asilimia 23. Mapitio ya Cochrane ya 2018 kuhusu wazee wa vituoni na hospitalini hayakuweza kusema hivyo kwa wale wa vituoni. Ushahidi wa mazoezi ulikuwa dhaifu. Ukichanganya makundi haya mawili, hoja yako yote inaporomoka, na msimamizi ataliona mara moja.

Tatu, kutafuta. Hapa ndipo saa hupotea. Mtu anaandika swali zima kwenye Google, anapata maelfu ya matokeo, anachukua kumi ya juu. Usifanye hivyo. Ingia CINAHL na MEDLINE, kanzidata za tafiti za uuguzi na tiba, kupitia maktaba ya chuo, na tafuta kwa makundi ya maneno. Kituo cha wazee huitwa “care home” Uingereza, “nursing home” Marekani, “aged care” Australia. Ukiweka moja tu, unapoteza tafiti za nchi nyingine. Yaunganishe kwa OR ndani ya kundi, kisha makundi kwa AND. Nyota mwishoni mwa mzizi, kama fall*, inaleta falls na falling, lakini haileti fell. Maneno mawili yanayokwenda pamoja yafungie ndani ya alama za nukuu. Tafuta kila kundi peke yake kwanza ndipo uunganishe, maana ukipata sifuri utajua kosa liko kundi gani.

Ukipata matokeo zaidi ya elfu, rudi kwenye swali ulibane; usikimbilie kukata miaka tu. Ukipata matatu, panua maneno. Andika siku ileile: tarehe, kanzidata, maneno kamili, idadi ya matokeo, tafiti ulizoondoa na sababu. Mchoro wa PRISMA, unaoonyesha tafiti ngapi ulipata, ngapi uliondoa na ngapi zilibaki, unajengwa na namba hizo, na baada ya mwezi hutazikumbuka.

Nne, pima kila utafiti kwa orodha ya CASP (maswali ya kupima ubora wa utafiti) inayolingana na aina yake. Ya majaribio haifai kwa mahojiano. Kisha panga matokeo kwa mada. Aya moja kwa kila utafiti ni orodha, haihesabiwi kuwa uchambuzi.

Marejeo yatunze kwenye Zotero, programu ya kuhifadhi na kupanga marejeo, tangu utafiti wa kwanza. Ni ya bure, na sioni sababu ya mtu kuyachapa kwa mkono. Akili mnemba usiiombe ikutafutie tafiti: hubuni waandishi na majarida yasiyokuwepo, na wewe ndiye utakayeitwa kwenye kikao cha nidhamu.

Hatua ya 6: Shifti

Krediti 120 hukadiriwa kuwa saa 1,200 za kazi. Kwa wiki 40 ni saa 30 kila wiki. Mwenye shifti ndefu nne au tano kwa wiki asome muda nusu, nasema bila kusita. Ukitoka zamu ya usiku, lala. Unachosoma asubuhi hiyo hakikai.

Hatua ya 7: Kuwasilisha

Pakia rasimu Turnitin, mfumo unaoonyesha maneno yanayofanana na ya vyanzo vingine, mapema kama chuo kinaruhusu, rekebisha nukuu zilizokosa alama, kisha wasilisha siku moja kabla ya mwisho na uhifadhi risiti inayokuja kwa barua pepe.