Krediti za uzamili wakati wa kiangazi: kwa mwalimu wa uchumi aliyeko Marekani

Kiangazi changu cha kwanza nikiwa mwalimu wa uchumi Marekani nilikaa wiki nzima kwenye chumba cha chuo chenye kiyoyozi kikali, nikachora grafu mpaka vidole vikauma, nikalipia krediti 3 za uzamili, nikapata A. Mwaka uliofuata nikaomba kufundisha lile darasa ambalo mwanafunzi wa sekondari akifaulu anahesabiwa krediti za chuo. Mratibu wa chuo akaichukua transkripti yangu, akaweka kidole kwenye herufi nne zinazotangulia namba ya kozi: EDUC. "Mimi hapa sioni uchumi," akasema. Na kweli. Wiki nzima ya ugavi na mahitaji, karatasi inasema nimesoma ualimu.

Hakuna aliyenidanganya. Sikuuliza tu. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye programu ipi ni nzuri, tuanze na swali lililonipita: hizo krediti unazitaka za nini?

Jibu la wengi ni mshahara. Shule nyingi za umma hapa hulipa kwa jedwali: ukishuka chini ni miaka ya kazi, ukienda kulia ni elimu. Safu zinaweza kuwa shahada ya kwanza, shahada na krediti 15, shahada na 30, uzamili, uzamili na 30. Kila wilaya ya shule ina mgawanyo wake, na mara nyingi jedwali liko wazi kwenye tovuti yao. Tuseme kuhamia safu inayofuata ni nyongeza ya dola 2,000 kwa mwaka. Kama una miaka 15 ya kufundisha mbele yako, hizo ni dola 30,000, hata kabla hatujagusa pensheni, ambayo kwenye majimbo mengi hupigwa kwa wastani wa mishahara ya miaka ya mwisho. Ndiyo maana utawaona walimu wenyeji wanakimbizana na kozi mara tu shule zinapofungwa.

Kwa upande wa mshahara, herufi za kozi hazina uzito sana. Chenye uzito ni kibali. Wilaya nyingi hutaka fomu iwe imesainiwa kabla hujaanza kozi. Nyingine hutaka alama ya B kwenda juu na hazitambui kozi ya kufaulu au kufeli tu. Nyingine hazipokei krediti za kitengo cha elimu endelevu, hata kama chuo chenyewe kina ithibati safi. Pata jibu la ofisi ya utumishi kwa barua pepe. Jibu alilokupa mkuu wa shule mlipopishana koridoni halitakusaidia Septemba.

Jibu la pili ni leseni. Huko hesabu huenda kwa saa. New York hutaka saa 100 za mafunzo kila miaka 5, Texas saa 150 kwa muda huohuo, na kote kuwili krediti moja ya muhula huhesabiwa saa 15. Kozi moja ya krediti 3 basi imekupa saa 45. New York ina sharti la ziada: anayetoa mafunzo awe ameidhinishwa na jimbo. Lakini kama shida yako ni leseni peke yake, usilipie krediti. Warsha ya bure yenye cheti cha mahudhurio itakutosha, na pesa yako itabaki mfukoni.

Jibu la tatu ndilo lililoniangusha. Kufundisha somo la chuo ndani ya sekondari kuna kipimo chake. Vyuo vya majimbo ya Kusini vilivyo chini ya SACSCOC, chombo kinachovipa ithibati, na vingi vya katikati ya nchi, kwa miaka mingi vimetumia kipimo kilekile: uwe na shahada ya uzamili, na uwe na krediti 18 za uzamili katika somo lenyewe unalofundisha. Kumi na nane ni kozi sita za krediti 3, yaani viangazi vitatu ukichukua mbilimbili. Mwalimu mwenye uzamili wa elimu, kama walivyo wengi wetu, anabaki nje ya mlango mpaka azitimize. Kama unalenga huko, muulize mratibu wa mafunzo mambo manne: kozi itaandikwa ECON au EDUC; iko kwenye ngazi gani; je, chuo hichohicho kitaikubali kwenye shahada yake ya uzamili; na krediti ni za muhula au za robo mwaka. Hilo la mwisho watu hulipuuza. Krediti 3 za robo mwaka ni krediti 2 za muhula, na mwenye kukosa krediti moja amekosa.

Mafunzo yenyewe yako wapi

Yanayojulikana zaidi ni ya kiangazi ya Advanced Placement (AP), yaani masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari na kumalizikia kwa mtihani wa College Board, na hufanyika vyuoni na mtandaoni. Kwa kawaida ni saa 30, siku nne au tano, na yapo ya uchumi mkuu na ya uchumi mdogo. Saa 30 hazifikii krediti 3 kwa hesabu ya kawaida ya saa 15 kwa krediti, ndiyo maana chuo mwenyeji kinachotoa krediti kitakutoza ada ya pembeni na mara nyingi kukupa kazi ya kuandika baada ya wiki kuisha. Krediti haziji zenyewe. Usipojiandikisha kwa ajili yake, unaondoka na cheti tu, na ukikumbuka Agosti umechelewa.

Council for Economic Education, iliyoanza 1949, ina mabaraza ya majimbo na vituo ndani ya vyuo. Hivyo vituo ndivyo vya kutafuta, kwa sababu vingi vinakaa karibu na idara ya uchumi, na hapo uwezekano wa kupata ECON kwenye transkripti ni mkubwa. Foundation for Teaching Economics nayo ina programu za walimu. University of Delaware ilibuni uzamili mzima kwa ajili ya walimu wa uchumi na ujasiriamali. Kisha kuna benki 12 za kanda za Federal Reserve, benki kuu ya Marekani. Warsha zao nyingi ni za bure, na ile ya St. Louis ina hazina kubwa ya masomo mtandaoni. Peke yake hazikupi krediti, ila mara nyingine chuo jirani huziunganisha na kozi yake.

Anza kutafuta Januari. Programu zenye posho au malazi ya bure hufunga maombi mapema, na mwezi wa tano utakuta zimebaki zile za kulipia kila kitu.

Humo ndani wanafanya nini

Nilidhani nitakuta mihadhara. Siku ya kwanza, mkufunzi alitugawa nusu kwa nusu na kumpa kila mtu kadi. Yangu ilisema mimi ni mnunuzi wa ngano na nisizidi dola 24. Mwenzangu upande wa pili alikuwa na kadi ya kuuza, gharama yake siijui. Filimbi ikalia. Mimi, mtu niliyekulia kwenye kupatana bei, nikajiona bingwa: nikaanza na 10. Hakuna aliyenisikiliza. Dakika nne zikaisha sijanunua hata gunia, wenzangu wamemaliza biashara tatu tatu. Bei za raundi ya kwanza ubaoni zilikuwa zimetawanyika kama kuku waliofunguliwa asubuhi. Raundi ya pili zikasogeleana. Kufika ya nne karibu zote zimebanana dola moja juu au chini ya bei moja, na hakuna mtu chumbani aliyekuwa ameona kadi ya mwenzake. Ndipo mkufunzi akachora mistari miwili kutoka kwenye kadi zetu, ikakatana palepale.

Mchezo huu una historia. Edward Chamberlin wa Harvard aliuchapisha mwaka 1948, Vernon Smith akauboresha, na majaribio ya aina hiyo ndiyo yaliyomfikisha kwenye Nobel ya 2002. Kwangu mimi thamani yake ilikuwa kwamba nilirudi na bahasha ya kadi, na darasa langu la kwanza la mwaka likajiendesha.

Jambo jingine lililonizindua ni benki. Sisi tulifundishwa kwamba benki kuu inabana au kulegeza fedha kwa kupandisha na kushusha kiwango cha akiba ambacho benki lazima ziweke. Marekani kiwango hicho kilishushwa hadi sifuri Machi 2020, na tangu hapo hakijarudi. Siku hizi Federal Reserve huongoza soko kwa riba inayozilipa benki kwa akiba zilizowekwa kwake. Mtaala wa AP umeshafuata mkondo huo, lakini vitabu vingi kwenye kabati za shule bado vinasimulia habari za kale. Ukiingia darasani na zile noti zako za chuo kikuu utafundisha kwa ufasaha jambo ambalo halipo.

Na kuna usahihishaji. Mtihani wa AP wa uchumi una maswali 60 ya kuchagua na 3 ya kujieleza, na haya matatu yanabeba theluthi ya alama. Mkufunzi wetu alitupa karatasi za mfano tusahihishe. Mwanafunzi amechora grafu nzuri ya uchumi wa nchi nzima, mistari imekaa sawa, mhimili wa wima ameandika "Bei". Mimi nikampa alama. Mkufunzi akaikata: pale panatakiwa kiwango cha jumla cha bei. Soko la fedha nalo linataka riba ya kawaida, isiyoondolewa mfumuko wa bei, soko la mikopo riba halisi. Nilibishana, nikashindwa, na tangu siku hiyo wanafunzi wangu hawaniambii kwamba mwalimu mwenyewe hajui.

Vyeti vya nyumbani na viza

Ili uandikishwe kwa krediti za uzamili, hata kama huombi shahada, chuo kinataka uthibitisho kwamba una shahada ya kwanza. Kama ulisoma Afrika Mashariki, utahitaji tathmini ya vyeti kozi kwa kozi kutoka taasisi iliyo mwanachama wa NACES, umoja wa watathmini wa vyeti Marekani. Kama ulishaifanya wakati wa kuomba leseni, tumia ileile, ila hakikisha ilikuwa ya kozi kwa kozi na si ya jumla. Ugumu huwapata zaidi wenye shahada za miaka 3, zilizo nyingi Tanzania na Uganda: baadhi ya watathmini huzihesabu kama shahada kamili, baadhi hawafanyi hivyo. Uliza chuo kinakubali taasisi ipi kabla hujalipa. Andaa pia kadi ya chanjo. Niliwahi kuzuiwa kujisajili kwa sababu ya surua, mtu mzima na watoto wangu.

Mwenye H-1B, viza ya kazi, anaweza kusoma kozi huku akiendelea na kazi iliyomleta. Hilo halina tatizo. Tatizo linaweza kutokea kwenye posho, kwa sababu viza hiyo inakufunga kufanya kazi kwa mwajiri mmoja, na malipo kutoka kwa mwingine ni jambo la kuonyesha mwanasheria kabla ya kusaini. Mwenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, azungumze na mfadhili wa programu yake kwanza, kwa maandishi. Wenye kadi ya kijani hawana kizuizi hicho.

Upande wa kodi, ada uliyolipa chuoni mwenyewe inaweza kukupunguzia kodi kupitia Lifetime Learning Credit: asilimia 20 ya dola 10,000 za mwanzo, yaani hadi dola 2,000, mradi kipato chako hakijapita kikomo. Haikurudishii pesa ambayo hukudaiwa. Chuo hutoa fomu 1098-T, itunze. Wilaya ikikurudishia ada chini ya mpango wake wa elimu, hadi dola 5,250 kwa mwaka haitozwi kodi, lakini ada hiyohiyo huwezi kuidai mara mbili.

Wiki ya mafunzo ikiisha, kazi haijaisha. Alama huchukua wiki kadhaa kuingia kwenye mfumo, na wilaya huwa na tarehe yake ya mwisho ya kupokea transkripti, mara nyingi mwanzoni mwa mwaka wa shule. Agiza transkripti rasmi iende moja kwa moja kutoka chuo kwenda ofisi ya utumishi. Ile uliyopakua mwenyewe haikubaliki. Halafu, mshahara wa kwanza wa safu mpya ukiingia, fungua hati ya malipo uangalie kama umehamishwa kweli. Mimi mara ya pili, na ECON yangu safi kabisa, nilikaa miezi miwili kwenye safu ya zamani kwa sababu mtu aliingiza 12 badala ya 21.