Senta panchi ya springi chakavu, hatua kwa hatua

Senta panchi ni kijiti cha chuma chenye ncha kali, unakigonga kwa nyundo kuweka alama kwenye chuma kabla ya kutoboa. Yangu ya kwanza niliinunua dukani. Nilipiga alama nne kwenye bamba la milimita 6, ya tano ncha ikabonyea kama mshumaa. Tangu hapo natengeneza zangu mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa springi za gari. Kuikereza, yaani kuizungusha kwenye mashine (leithi) huku kisu kikiichonga, ni kazi ya nusu saa. Kinachotaka akili ni moto.

Kwanza, chuma. Kama uko Dar, pita eneo la Gerezani. Kwingine nenda kwa muuza skrepa wa karibu. Ulizia springi ya koili ya gari dogo yenye unene wa milimita 12 au 13, ambayo imeshatolewa kwenye shokapu. Usinunue shokapu nzima ukaifungue mwenyewe, maana springi iliyobanwa ikichomoka inavunja mkono. Nondo ya kawaida haifai: kaboni yake ni ndogo, utaichovya mara kumi na haitakaza. Biti ya drili iliyokatika nayo iache, kwa sababu chuma chake kinadai joto la karibu nyuzi 1200 na jiko letu la mkaa si la kazi hiyo. Ukiwa na shaka, gusisha kipande kwenye grenda. Cheche za springi huchanua matawi matawi kama fataki; za nondo ni mistari mirefu yenye matawi machache.

Pili, kinyooshe na ukilainishe. Kata kipande cha sentimita 15, kipashe hadi kiwe chekundu na ukinyooshe kwa nyundo juu ya kipande cha reli. Fanya hivyo nje, rangi ya springi ikiungua inatoa moshi mbaya. Kisha kipashe tena hadi wekundu wa kung'aa, ukifukie kwenye ndoo ya majivu makavu na uende kulala. Mimi niliwahi kuona uvivu nikaruka hatua hii. Kisu cha mashine kilipiga kelele, kikazima makali, na chuma kikabaki kinanicheka.

Tatu, kereza. Funga kipande kwenye chaki (kishikio cha mashine kinachozunguka, si ya ubaoni), na funguo yake uitoe kabla ya kuwasha umeme. Kwa kisu cha kawaida, mizunguko kama 500 kwa dakika inatosha kwa unene huu. Sawazisha pande zote mbili, bakiza urefu wa milimita 120. Upande wa ncha, geuza slaidi ya juu (kitelezi kidogo kinachobeba kisu) nyuzi 5 na upunguze kutoka milimita 12 hadi 5 ndani ya urefu wa milimita 40. Kisha igeuze nyuzi 45 ukate ncha yenyewe, ili pembe nzima iwe 90. Upande wa kichwa, punguza ukali wa kona kidogo. Huna mashine? Funga kipande kwenye drili, idrili uibane kwenye vaisi, halafu tumia tupa. Itachukua muda, lakini inatoka.

Nne, moto. Subiri jua lizame. Mchana wa jua kali wekundu wa chuma hauonekani vizuri, utaunguza ukidhani bado. Washa mkaa, puliza kwa feni ndogo, na upashe sentimita 3 za upande wa ncha peke yake. Weka sumaku ndogo karibu, uwe unagusisha. Chuma kikifika kama nyuzi 770 sumaku haikishiki tena. Kirudishe motoni kidogo, kiwe chekundu zaidi ya hapo, kisha kizamishe wima kwenye mafuta ya kupikia yaliyopata uvuguvugu, ukikipandisha na kukishusha. Usikichovye kwa ubapa, kitapinda. Mafuta yakae kwenye kopo la chuma, na mfuniko wake wa chuma uwe mkononi, kwa sababu yanaweza kuwaka. Oili chafu ya injini iache, moshi wake haufai kuvutwa.

Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma kimekaza. Ila usikipige bado. Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilifurahi, nikapiga, na ncha ikakatika ikaruka kupita sikio langu. Chuma kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu lakini ni chepesi kuvunjika kama kioo.

Tano, rudisha uimara. Sugua sehemu iliyokaza kwa msasa mpaka ing'ae. Pasha taratibu katikati ya panchi, si kwenye ncha, na uangalie rangi zinavyotembea kuelekea nchani: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, halafu bluu. Kahawia inayoanza kuwa zambarau ikigusa ncha, chovya papo hapo. Hapo ni karibu nyuzi 270. Ukipasha kwa pupa rangi zote zitapita kwa mpigo, ncha itaingia bluu na italainika. Ikitokea, rudia hatua ya nne. Mimi nimerudia mara tatu kwa kipande kimoja.

Kichwa hakikupashwa wala kuchovywa, na ndivyo kinavyotakiwa kubaki: laini. Uso wa nyundo ni mgumu, na vigumu viwili vikigongana vinarusha vipande vya kuingia machoni. Vaa miwani hata hivyo. Baada ya miezi kichwa kitachanua kama uyoga. Kikate pembeni kwa grenda mapema.

Ncha ikichakaa, inoe kwenye grenda huku ukiizungusha polepole kwa vidole, na uichovye kwenye maji kila sekunde chache. Ukiona bluu imetokea nchani, umeshaiharibu hapo: saga upite sehemu hiyo, au urudi kwenye mkaa.