Iliki Kidogo Kila Msimu: Namna ya Kupanga Zawadi za Mwaka Mzima na Kukuza Orodha ya Barua Pepe za Wateja

Katika daftari langu la kwanza la anwani kuna mtu mmoja aliyejiandikisha mara saba. Alihamisha nukta, akaongeza namba mwishoni, akaandika jina la mkewe, kisha la mtoto. Alikuwa anaitaka blenda. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati la kioo dukani kwangu Ngamiani, hapa Tanga mjini, nikaifunga utepe mwekundu, nikabandika karatasi: acha anwani yako ya barua pepe, ushinde. Kwa wiki tatu watu hawakukatika. Nilipotuma barua ya kwanza kuhusu mzigo mpya wa iliki, nyingi zilirudi kwa sababu anwani hazikuwepo, na waliopokea karibu wote walinyamaza. Wenyeji wa Tanga tuna msemo, waja leo, waondoka leo. Blenda iliniletea hao.

Mimi nauza viungo. Iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga zinashuka kutoka milima ya Amani na vijiji vya Muheza. Nyingine nauza nzima, nyingine nasaga na kuchanganya mwenyewe kuwa viungo vya pilau na vya chai. Tangu ile blenda nimeelewa kwamba zawadi ndiyo inayokuchagulia watu. Ukitoa kitu kinachotakiwa na kila mtu, atakuja kila mtu. Ukitoa pakiti ya iliki iliyosagwa, asiyepika ataipita na anayepika atasimama. Huyo aliyesimama ndiye ninayetaka jina lake.

Piga hesabu uone. Kilo moja ya iliki inatoa pakiti 200 za gramu 5. Kwa fedha ya blenda ile ningenunua kilo hiyo na vifuko vyake, nikawapa zawadi watu 200 badala ya kumfurahisha mmoja na kuwaudhi wote waliobaki.

Kuna na jambo la kamari. Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliniuliza kwa upole kama blenda ile ni bahati nasibu. Nilimjibu kwamba hakuna aliyelipa, lakini swali lake halikunitoka kichwani. Kisheria nako si jambo la kupuuza: michezo ya kubahatisha hapa nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ndiyo maana droo za kampuni kubwa huwa na mwakilishi wa Bodi amesimama pale. Ukitaka kuchezesha droo, waulize Bodi kwanza. Mimi nimeiacha kabisa. Kila anayejiandikisha anapata, sawa na mwenzake, mpaka mzigo wa msimu uishe.

Wenzangu wengi wananiuliza kwa nini nahangaika na barua pepe wakati watu wote wako WhatsApp. Oda zangu pia zinakuja WhatsApp. Lakini siku simu yangu ilipoibiwa stendi ya Kange nilikaa wiki nzima sijui wateja wangu ni nani. Halafu orodha ya matangazo ya WhatsApp ina mwisho wa watu 256, na ujumbe unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Barua pepe inakaa. Mteja wa Muscat au wa Dodoma anaitafuta tena Ramadhani nyingine, anasoma vipimo, anaagiza. Na hoteli za Pangani haziniagizi kwa ujumbe wa sauti, zinataka ankara kwa barua pepe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza, anwani ipatikane, na iwe sahihi.

Utasikia sana "mimi sina imeili." Anayo. Karibu kila mwenye simu ya Android alifunguliwa na fundi siku aliyoinunua, ila hajui imeandikwaje. Mwambie afungue Play Store, aguse ile picha au herufi ya jina lake juu kulia, anwani itatokea hapo hapo. Bibi mmoja wa Chumbageni nilimwonyesha hivyo. "Mwanangu, kumbe hii ni yangu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Ni yako, bibi, na barua zako zimo humo." Tulifungua tukakuta ujumbe wa mjukuu wake uliokaa miezi minane haujasomwa. Tangu siku ile mteja huyo hanunui iliki pengine.

Usimwachie mteja kalamu peke yake. Mwandiko wa haraka unageuza "gmail" kuwa kitu kingine, na herufi moja ikikosewa umempoteza. Mtoto wa kaka yangu anayenisaidia dukani anaandika moja kwa moja kwenye simu, anaisoma kwa sauti, mteja anaitikia. Kisha anatuma barua fupi ya kukaribisha kabla mteja hajafunga mkoba wake. Ikifika, mteja anaiona pale pale na kubonyeza kiungo cha kukubali. Isipofika, tunasahihisha tukiwa bado tunatazamana.

Na hapa nieleze hila yangu njema, maana naitegemea kuliko zote. Zawadi naigawa nusu mbili. Nusu moja ni ya mkononi, kipakiti chenyewe. Nusu ya pili inakuja kwa barua pepe: namna ya kukitumia. Ukipata viungo vya pilau bila kujua ni vijiko vingapi kwa kilo ya mchele, umepata nusu ya zawadi, na mtu hataki nusu. Atatoa anwani ya kweli, ataifungua barua, na mara nyingi atarudi kuniambia pilau ilikuwaje. Yule wa majina saba angepata wapi nguvu ya kufungua masanduku saba kutafuta vipimo vya pilau?

Kalenda

Chukua kalenda ya ukutani, ile ya kurasa 12, na penseli. Penseli ni lazima. Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2030 itaanza Ramadhani moja Januari na nyingine Desemba. Ukiandika kwa wino utakuwa unafuta mwaka hadi mwaka.

Anza na Ramadhani kwa sababu huo ndio mlima wa mwaka mzima kwa muuza viungo wa pwani, na miezi mingine yote utaipanga kwa kuutazama. Kosa nililofanya miaka ya mwanzo ni kutoa zawadi Ramadhani ikiwa imeshaingia. Kufikia hapo mama wa nyumba ameshanunua, jikoni kumejaa, na mimi nina foleni ambayo hata salamu sijibu vizuri. Zawadi ya Ramadhani inatoka nusu ya Shaaban, mwezi unaoitangulia. Ndipo watu wanapoulizana bei ya tende na kupanga ununuzi. Natoa gramu 5 za iliki iliyosagwa, ya kaimati na mkate wa kumimina, na nusu ya pili ni ratiba ya futari ya siku 30: leo tambi, kesho magimbi ya nazi, keshokutwa mihogo, na mahali pa kuandika kilichobaki jana. Ratiba siitumi yote kwa pamoja. Natuma ya siku 10 mara tatu, kwa kuwa Ramadhani yenyewe tunaihesabu kwa makumi matatu. Hivyo mteja anazoea kuniona kwenye kisanduku chake kila kumi, na barua ya kumi la mwisho ndiyo inayobeba oda za Idi. Sijawahi kuona barua zinafunguliwa kama hizo.

Ndani ya mwezi wenyewe sitafuti jina jipya hata moja. Nahudumia nilionao.

Baada ya Idi harusi zinafunguka, na hapa zawadi haina gharama ila karatasi: vipimo vya sufuria kubwa. Pilau ya kilo 10 za mchele haipikwi kwa kuzidisha mara kumi vipimo vya kilo moja. Karafuu ukiizidisha hivyo inaleta uchungu. Nilikaa na wapishi watatu wa shughuli, nikaandika wanachopima kwa kiganja, nikakigeuza kuwa gramu kwa mizani yangu. Karatasi hiyo inafuatwa dukani na kamati za harusi zenyewe. Mtu akitoa anwani kwa ajili yake, ujue ana shughuli ndani ya miezi mitatu. Mwandikie pembeni tarehe ya shughuli.

Masika ni tangawizi na mchaichai, pakiti ya chai ya kikombe kimoja. Haina maneno mengi.

Agosti ni Nanenane, na kanda yetu ya mashariki, Tanga, Pwani, Dar es Salaam na Morogoro, hukutana Morogoro. Nilishiriki meza na mwenzangu. Tahadhari: uwanjani mtu anapita kila banda akiandika jina kila karatasi. Usigawe zawadi kwa anayepita. Mnusishe kwanza, mpe mdalasini wa Amani aulinganishe na wa kiwandani, mzungumze. Anayeuliza swali la pili ndiye wa kuandikwa. Nilirudi na majina machache kuliko jirani zangu wa meza, na sehemu kubwa yao wako nami hadi leo.

Maulidi nayo inasogea kama Ramadhani, iwekee penseli. Novemba embe mbichi zinaanza kujaa, basi ni mwezi wa achari: pilipili manga na uwatu, na namna ya kuikausha embe ikiwa mawingu ya vuli hayaondoki. Desemba wanaokaa Dar wanarudi nyumbani, na Wakristo wanapika pilau ya Krismasi. Natoa viungo vya chai kwenye kifuko cha kusafirishika, kwa sababu nataka kipite njia panda ya Segera kiende mbali. Mtu akiondoka nacho kwenda Moshi, anwani yake inabaki Tanga.

Januari usitoe zawadi ya kumvuta mtu anunue. Ada, sare, madaftari, kila mzazi amebanwa. Mimi natuma barua moja tu, mboga za gharama ndogo zenye ladha: mchicha wa nazi, kisamvu, maharage ya karafuu moja. Sitaji bei popote. Mtu anayekumbukwa akiwa hana fedha hasahau.

Gharama zake

Nina kopo. Kila mauzo ya shilingi 10,000 naweka humo shilingi 200, na zawadi za msimu unaofuata zinatoka kwenye kopo hilo tu. Likiwa na kidogo, pakiti zinakuwa chache na naandika idadi yake wazi mlangoni: leo zimebaki 40. Kukopa ili ugawe zawadi ni kujikata mguu. Na usitoe mzigo uliolala. Iliki iliyopoteza harufu ukiigawa bure, aliyepewa ataamini hiyo ndiyo iliki yako.

Ruhusa na heshima

Hapa sitanii hata kidogo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na kuna Tume ya kuisimamia; anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili nayo. Kwa lugha ya dukani: mweleze mtu kwa nini unachukua anwani yake, utamwandikia mara ngapi, usimpe mtu mwingine, na akisema basi, mtoe. Mimi nasema hivi: "Nitakuandikia mara moja kwa mwezi, na mara tatu Ramadhani." Kisha sizidishi.

Mwanzoni nilituma barua kwa kuweka anwani zote sehemu ya mpokeaji. Kila mteja aliziona za wenzake. Mama mmoja aliandikiwa na mwanamume asiyemjua, akaja dukani kunieleza, amekunja uso na ana haki. Niliomba radhi kwake, kisha kwa kila mmoja. Kama bado unatumia Gmail ya kawaida, weka anwani zote kwenye Bcc, sehemu ambayo mpokeaji haoni anwani za wenzake, na kumbuka mwisho wake ni wapokeaji 500 kwa siku. Orodha ikikua hamia kwenye huduma maalumu ya kutuma barua, yenye kiungo cha kujiondoa chini ya kila barua. Gmail na Yahoo walikaza masharti Februari 2024: anayetuma barua nyingi athibitishe kikoa chake (domain), yaani lile jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yake, awarahisishie watu kujiondoa, na malalamiko ya barua taka yasifike 3 kwa kila barua 1,000. Orodha ya wapenda blenda ingenifungia mlango hapo.

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa Rajabu, ule unaotangulia Shaaban, kabla kazi haijapamba moto, nawatafuta wale ambao hawajafungua barua hata moja tangu Ramadhani iliyopita. Nawaandikia mistari miwili: bado unapenda kupokea barua za viungo? Bonyeza hapa ubaki. Nasubiri siku 14. Asiyebonyeza namtoa, na nikimaliza ndipo nahesabu waliobaki, kwa sababu idadi hiyo ndiyo inayoniambia nisage iliki kiasi gani.