Jinsi ya kuangalia kunguru na kaloli (korongo aina ya marabou) wakirudi kulala Kampala

Ulaya watu wanangoja msimu wa baridi ndio waone kunguru wamejaa mtini jioni. Huku kwetu hakuna cha baridi, jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo shoo iko kila siku na ni ya bure.

Mti utafute mchana, na uangalie chini sio juu. Ukiona lami imepakwa meupe, manyoya yametapakaa, kaharufu fulani hivi, umefika. Alama nzuri zaidi ni steji ya boda: mti una kivuli kizuri alafu hakuna hata mmoja aliyepaki chini yake, basi ujue wanajua kitu.

Jioni fika nusu saa kabla jua halijazama. Simama mbali kidogo upande wa mashariki wa mti, ili mwanga wa magharibi uwe nyuma yake, hapo ndege wanaonekana wazi hata kwa simu ya kawaida.

Kunguru wetu ni yule wa kifua cheupe, kama kavaa singlendi, sio yule mwenye shingo ya kijivu wa Mombasa na Dar. Huyu hapendi kwenda mtini moja kwa moja, anatua kwanza kwenye mabati au mnara wa simu au uwanja wa mpira, wenzake wanaongezeka, wanapigiana kelele na kufukuzana weee, mpaka giza likikaribia ndio wanahamia mtini. Kwa hiyo ukiwaona juu ya mnara usiondoke ukadhani wamemaliza.

Sasa kaloli, huyu mi ndio napenda zaidi, watu wanamsema mbaya lakini hebu mwangalie akitua. Mchana anazunguka juu kabisa bila kupiga bawa kwa sababu hewa ya moto inambeba, jioni hiyo hewa imeisha, inabidi apige mabawa mwenyewe, na akipita chini chini unasikia upepo kabisa. Shingo ameikunja, miguu imenyooka nyuma, akikaribia mti anaishusha, tawi linainama, aliyekuwa amekaa anamgongea mdomo kama kuna mgeni hajapiga hodi. Akisimama anafika mita 1.5, sio kuku huyo. Na hiyo miguu myeupe sio rangi yake, anajinyea ili apoe.

Ukitaka kuhesabu usihesabu mtini, utachanganyikiwa. Chagua upande mmoja wa anga, hesabu wanaopita kila dakika 5, andika kwenye simu. Siku ya mawingu mazito wahi, wanarudi mapema.

Popo wakianza kutoka wakati kaloli wanaingia, hiyo ni bahati yako, wale wa matunda wana shifti ya usiku. Vaa kofia. Simu ishike vizuri ukiwa kando ya barabara, na kama mti uko karibu na ofisi ya serikali muulize askari kwanza kabla hujapiga picha.

Uliowakosa jioni wafuate asubuhi. Kunguru utawakosa ukichelewa kuamka, wanaondoka alfajiri, lakini kaloli hana haraka, anakaa pale mpaka jua lipashe hewa, unakunywa chai yako taratibu na bado unamkuta.