Kuchora namba kwenye chuma isifutike: tunavyofanya karakanani Kizota, Dodoma

Msimu mmoja wa alizeti nililetewa shafti mbili zilizokatika, zote za mashine ya kukamulia mafuta, zote nimezikereza mwenyewe. Mteja alizibeba kwenye basi kutoka Singida, kilomita 240 hivi, akazilaza juu ya benchi langu akaniuliza: "Fundi, hizi zimetoka kwenye chuma kimoja na zile nne zinazofanya kazi?" Sikuwa na jibu. Namba nilikuwa nimeziandika kwa kalamu ya rangi, na mafuta ya moto pamoja na mashudu vilikuwa vimeshazila zote. Ikabidi nimwambie azime mashine zote nne, tufungue moja baada ya nyingine tukague. Siku za kukamua ndizo siku za hela, na alizipoteza kwa uzembe wangu. Tangu hapo hakuna shafti, gia wala puli inayotoka kwangu bila namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe.

Njia ninayotumia ni ya kuchora kwa sindano. Sindano yenye ncha ya kabaidi (madini magumu kuliko chuma), au ya almasi, inakandamizwa kwenye chuma kisha inaburutwa, nayo inaacha mfereji mmoja mfululizo. Ni mojawapo ya njia zinazotumika sana kwenye namba za chesisi za magari. Stempu za kugonga kwa nyundo zinafaa pia, ila kwenye bomba jembamba zinabonyeza ukuta, na herufi zinakaa zimepinda kama meno ya mtoto. Sindano haipigi kelele, na mstari wake unasomeka hata kwa jicho lililochoka.

Hatua ya 1: Tunga namba kabla hujagusa chuma.
Namba isiyorudi kwenye daftari ni pambo tu. Yangu ina sehemu tatu: mwaka, herufi na namba ya ule mche (nondo ndefu ya chuma ninayokatia vifaa) nilionunua, kisha namba ya kifaa. Kwa mfano 25-K07-014. Mche mpya ukiingia, unapewa herufi na namba yake siku hiyo hiyo, na risiti ya dukani inabanwa kwenye ukurasa wake. Usitumie herufi I, O wala Q. Namba za chesisi zenye tarakimu na herufi 17 hazina herufi hizo, kwa sababu zinafanana mno na 1 na 0. Kwenye chuma chenye kutu, kufanana kidogo kunatosha kukupoteza.

Hatua ya 2: Chagua mahali.
Hapa ndipo pa kutumia akili kuliko popote. Mfereji wa sindano una kitako chembamba, na chuma kinachozungushwa na kupindwa kila siku huanzia ufa mahali kama hapo. Kwa hiyo usichore kwenye kona ambapo shafti inapungua unene, wala karibu na mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachofungia puli kwenye shafti. Usichore panapokaa beringi au sili pia, maana kingo za mstari huinuka na zitaikwaruza. Mimi huchora kwenye uso wa mwisho wa shafti, pale penye tundu la senta, kwa sababu hapabebi mzigo. Uso ukiwa mdogo mno, nachora sehemu nene iliyonyooka, na kwa urefu wa shafti. Ukichora kwa kuzunguka duara, sindano inakula katikati ya namba na kuelea pembeni.

Kwenye puli na habu (kitovu cha gurudumu) hakuna shida, uso wa pembeni unatosha.

Hatua ya 3: Chora kabla ya kukikaza chuma.
Kama kifaa kitachomwa na kuzimwa kwenye oili, kichore kabla. Jaribu kwa tupa: ikila, sindano nayo itakula. Tupa ikiteleza kama inapita kwenye kioo, sindano ya kabaidi itarukaruka na ncha inaweza kumeguka. Kwa kuwa magamba ya moto yatajaza mfereji, ongeza kina kidogo.

Hatua ya 4: Safisha, kisha funga kweli kweli.
Futa mafuta kwa thina na uondoe kutu kwa msasa. Vumbi letu la Dodoma wakati wa kiangazi linakaa juu ya kila kitu, na sindano ikipita juu ya vumbi lenye mafuta inatengeneza tope linaloficha mstari. Baada ya hapo funga kifaa kwenye jiliwa (kibanio cha benchi), au kilaze kwenye vitalu viwili vyenye umbo la V na ukibane juu. Kumbuka stempu inasukuma chini lakini sindano inasukuma pembeni. Kifaa kikisogea hata unywele, 3 yako itageuka 8.

Hatua ya 5: Pima kina kwenye kipande cha majaribio.
Kifaa kisichopakwa rangi kinatosheka na milimita 0.1. Rangi ya unga, ile inayopulizwa kavu kisha kuokwa, ina unene wa milimita 0.06 hadi 0.1, kwa hiyo mstari wa 0.1 utafukiwa. Hapo nenda 0.3. Kama huna geji ya kupimia kina, fanya hivi: chora kwenye kipande cha mche uleule, kifunge kwenye mashine ya kukereza, ondoa 0.1 uangalie, kisha ondoa 0.1 nyingine. Mstari ukiwa bado unaonekana, umepita 0.2. Chuma kibichi cha kawaida, ambacho hakijakazwa, kinakubali haraka. Aluminiamu inagandia kwenye ncha, ipunguzie nguvu na uiwekee tone la oili. Chuma cha pua kitengee sindano na brashi yake pekee. Mabaki ya chuma cha kawaida yakibaki humo, namba itaota kutu.

Hatua ya 6: Chora.
Vaa miwani. Mashine yangu ya kushika mkononi inakandamiza sindano kwa hewa ya kompresa, nami naiweka kwenye baa 5. Namba za kimo cha milimita 3 zinatosha shafti ndogo, 6 kwa vitu vikubwa. Mtu wa sindano ya mkono atumie rula ya chuma na avute mara tatu kwa nguvu ndogo. Mara moja kwa nguvu nyingi inateleza. Umeme ukikatika katikati ya namba, usilegeze jiliwa. Kama umeshalegeza, usijaribu kupita juu ya ile ya kwanza, haitalingana. Ikate kwa mstari mmoja, andika upya chini yake, na ueleze daftarini. Usiisage kwa grinda: namba iliyosagwa inamfanya mteja adhani unaficha kitu.

Hatua ya 7: Ondoa kingo, kisha soma.
Pitisha jiwe laini mara mbili juu ya mistari. Washa tochi ya simu ukiilaza pembeni, karibu igusane na chuma, na kivuli kitajaa ndani ya mfereji kama wino. Piga picha hapo hapo. Pia weka karatasi juu na usugue kwa penseli. Karatasi hiyo naigundisha daftarini mkabala na jina la mteja, na imeniokoa zaidi ya mara moja.

Mstari ukitoka mpana na unaong'aa, ncha imelika. Ibadilishe.

Hatua ya 8: Kifaa kikirudi.
Shafti iliyolika hurudi kujazwa kwa welding na kukerezwa upya. Kabla kijana hajaifunga kwenye mashine, soma namba na uiandike kwa chaki ukutani. Kama uso wenye namba utakatwa, chora namba ileile upande wa pili kwanza, ongeza R1 mwishoni (yaani imerudi mara ya kwanza), ndipo ukate.